Goti Liumalo Wakati wa Kaskazi
Hapa Bagamoyo vijana hukimbia mbio ndefu hata miezi ya joto, wengine kwa goti bovu, wakimtaja John Stephen Akhwari. Naam, mwaka 1968 huko Mexico alianguka, akaumia goti, naye akamaliza mbio zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Twamheshimu sana. Lakini ile ilikuwa siku moja ya mashindano, wala si desturi ya kila juma. Tena hewa ya pwani ina unyevu: jasho halikauki upesi, na mwili haupoi. Enyi walimu, wakimbie alfajiri. Na maumivu yakizidi njiani, kijana na arudi akitembea. Sisi tuliokaidi zamani twapanda ngazi kwa kushika ukuta.