Njia Zisizokutana



Barabara ya Kibwezi hadi Kitui, kupitia Ikutha na Mutomo, ilipotiwa lami tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lami ikipita, ploti hufuata. Mwenye shamba la kando huligawa. Jirani yake hugawa lake kwa wakati wake. Kila mmoja huacha kijia kimoja kinachotoka barabara kuu na kuishia kwenye seng'enge ya mwenziwe. Hakuna anayeuliza vijia hivyo vitakutana wapi.

Ndivyo miji yetu inavyorefuka kama kamba. Mtu na jirani wanaopakana kwa ua hulazimika kwenda hadi barabarani ili waamkiane. Huko Emali na Mtito Andei, barabara hiyo ni ile ya malori ya Mombasa, na mtoto aendaye shule iliyo nyuma ya kwao hutembea kando yake. Bomba la maji nalo hurefushwa bure, katika nchi hii yetu kavu.

Mwaka 2020 watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walichapisha uchunguzi wa njia za miji ya dunia, wakaonyesha kwamba tangu mwaka 1975 sehemu nyingi zimejenga mitaa isiyoungana. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine. Njia iliyokwisha kuchorwa hudumu vizazi.

Wako wasemao haya ni mambo ya wapima ardhi. Tunakataa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, hata iliyotengewa barabara, ilivyogawiwa watu binafsi. Hiyo ilikuwa siasa, na dawa yake ni siasa.

Jiji la Konza, lililozinduliwa Januari 2013 kwenye ekari 5,000, lilichorewa barabara kabla ya matofali. Je, mkazi wa Emali hastahili ramani? Sheria ya mwaka 2019 hairuhusu shamba kugawanywa mjini bila kibali cha kaunti. Ile ya miji ya mwaka 2011 inawapa wakazi haki ya kushiriki katika mipango. Basi twende Wote na Kitui, tudai kibali kisitolewe kwa mchoro wowote ambao njia zake hazitokei kwa jirani.

Nayo makanisa yetu, ambayo nyua zake pana huziba njia nyingi (tusifichane), yatangulie kutoa futi chache za kupitia, kabla ploti za Mutomo hazijakwisha kuuzwa.