Wema kwa Mama si Kumkalisha

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, imezoeleka katika mitaa yetu ada ambayo wengi tunaihesabu kuwa ni ihsani. Mama akifikia miaka 60, watoto hukutana na kukata shauri kuwa sasa apumzike. Asifagie uwanja, asiende sokoni, asiinue ndoo. Huletewa kiti na chai yenye sukari tele, na kila akitaka kuinuka huambiwa: "Kaa, mama, tupo sisi."

Mimi mwenyewe ni miongoni mwa waliofanya hivyo. Niliporejea kutoka masomoni nilimkataza mama yangu hata kwenda kuchuma mchicha wake nyuma ya nyumba. Haikupita miaka 3 nikamwona hawezi kuinuka kutoka kwenye sijda ila ashikwe mkono. Nilidhani ni maradhi. Tabibu alipompima akasema miguu imedhoofika kwa kutotumika.

Msuli usiotumika husinyaa. Kwa mwanamke jambo hili ni zito zaidi, kwani baada ya kukoma hedhi mifupa yake hupoteza uimara kwa haraka. Anguko dogo chooni laweza kuvunja nyonga, na wengi wanaovunjika nyonga uzeeni hawarejei kutembea kama awali.

Tuitazame ibada ya Hija. Wengi wetu hudunduliza fedha kwa miaka mingi ili mama aende Makka. Baina ya Safaa na Marwa ni mita 450 hivi, na kwenda mara saba ni zaidi ya kilomita 3, mbali na kutufu. Uwezo walioutaja mafakihi ni wa mali na wa mwili pamoja. Je, katika miaka hiyo ya kudunduliza, tumeitunza na miguu itakayomfikisha? Nasi twajua kuwa asili ya sai ni nyayo za mwanamke, Bibi Hajar, alipokuwa akimtafutia mwanawe maji.

Yupo atakayesema kuwa mazoezi hayamstahiki mwanamke mtu mzima. Na airejee sira: Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Daud. Wala hakuna anayemtaka mama aiache stara yake. Buibui halijapata kumzuia mtu kutembea.

Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka kidogo, dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu na ya kuimarisha msimamo wa mwili. Hayo hayahitaji mashine. Dakika 30 baada ya Alfajiri, kwa siku 5, zinatimiza 150. Kuinuka kitini mara 10 bila ya kujisukuma kwa mikono kunatia mapaja nguvu. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta kunazuia kuanguka. Sukari na chumvi zipunguzwe, mboga na maharage viongezwe. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au kisukari amwone tabibu kwanza, kisha aanze taratibu.

Asiyeweza kabisa, sharia imempa rukhsa, hata ya kuswali ameketi, na wala halaumiwi. Lakini tusiwe sisi wanawe tunaomfanya asiweze.

Nina rai kwa kamati za misikiti na madrasa. Nyua za madrasa zetu huwa tupu asubuhi, watoto wakiwa skuli. Zifunguliwe kwa akina mama siku 3 kwa wiki, wakiongozwa na mwanamke mwenye ujuzi wa afya. Hapo watapata faragha, na mazungumzo yao yatawasahaulisha uchovu.

Mama yangu leo hutembea kila asubuhi na jirani zake wawili, na mchicha huchuma mwenyewe. Magoti bado humuuma siku za baridi, lakini huinuka kutoka kwenye sijda bila ya kushikwa. Basi ndugu yangu, mama yako akiinuka leo, usimwambie akae. Vaa viatu ufuatane naye.

Wabillahi tawfiq.