Nani alisema mhamaji haruhusiwi kutazama jua likizama?

Ndugu wasikilizaji, siku ya Mungu iliyopita niliifuata familia moja ya Masisi, inayokodi chumba kimoja hapa Goma, mpaka Bulengo kutazama ziwa Kivu. Mama, watoto wanne na bibi yao. Tuliporudi, jirani mmoja alimtupia mama neno: "Kumbe muko na nafasi ya kutembea! Halafu munasema muko na njaa."

Neno hilo limenikaa rohoni.

Bulengo ni mahali ambapo ardhi inaingia ziwani, magharibi ya mji. Wengi wenu munapajua kwa sababu nyingine: muliishi pale ndani ya vibanda. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za upande wa Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, watoto wakiwemo. Februari 2025 wahamaji wakaambiwa wafunge mizigo, waondoke.

Safari yenyewe haikula hata faranga moja. Tulienda kwa miguu, na mihogo ya kuchemsha tulibeba kutoka nyumbani. Tulikaa juu ya mawe meusi ya volkano. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanatoka, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wanapiga makasia huku wanaimba.

Jua pale linashuka upande wa Sake. Nyuma ya Sake ni milima ya Masisi, na mbali zaidi, Walikale. Bibi hakutazama maji hata kidogo. Alinyoosha kidole kwenye ile milima, akawaonyesha wajukuu: hapa Sake, hapa barabara inapanda, kule nyuma kabisa ndiko shamba letu la maharagwe. Kitinda mimba alizaliwa kambini. Shamba hilo hajaliona. Aliuliza kama kule kuna ng'ombe, na bibi akaanza kuwataja ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, mpaka jua likapotea.

Sasa niambieni, hiyo ndiyo anasa? Anayekuja na gari kupiga picha hatumuulizi amekula nini. Lakini mhamaji, tunataka akae chini, auinamishe uso, ndipo tuamini shida yake. Hata wale wanaoandikisha majina ya msaada, wengine wanamtazama mtu nguo kabla ya kumuuliza. Mimi nakataa. Njaa ya mama yule ilikuwepo asubuhi, na ilikuwepo tuliporudi.

Wazazi, jambo moja tu: mazuku. Ile hewa mbaya haina rangi, ni nzito, inakaa kwenye mashimo na mabonde, na upepo ukitulia inaua mbuzi na watoto. Pitieni juu, musiruhusu watoto washuke mashimoni, na muondoke kabla giza halijaingia.

Na wewe jirani, kama habari hii imekufikia: siku ya Mungu ijayo tunaenda tena, tunatoka saa nane. Bibi amesema uje, atakuonyesha na wewe shamba lake.