Sikukuu Isifunge Mlango wa Ubalozi

Nchini Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Kwetu ni Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo ofisi za pande zote mbili hukutana kazini siku nne tu, na Idi ikiingia hupungua tena. Lakini mauti hayangoji sikukuu ipite, na sharia yasisitiza maiti azikwe mapema. Mkataba wa Vienna wa 1963 unaitaka nchi mwenyeji iijulishe ofisi ya kibalozi bila kuchelewa raia wake anapofariki. Je, taarifa ataipokea nani ikiwa ofisi imefungwa? Hatusemi watumishi wasisherehekee Idi. Tunasema awepo wa zamu, na nambari yake itangazwe mapema. Nasi tuitafute na kuihifadhi kabla mtoto wetu hajapanda ndege.