Kikulacho ki ndani, kengele inatazama nje

Leo nataka tugombane kidogo :-)

Kila nikiwasikiliza wenye nyumba za kupangisha kwa siku, zile tunazoziita Airbnb hata kama mgeni alipatikana kupitia WhatsApp, nasikia ushauri uleule: nunua kengele ya mlangoni yenye kamera, iunganishe na simu yako, kisha ulale. Wauzaji nao wanaisifu kama mlinzi asiyelala. Mwenye nyumba yuko Kisumu, nyumba iko Kilimani, na anaamini kwamba usalama umeshughulikiwa kwa sababu simu yake inalia mtu akipita mlangoni.

Mimi napinga, na nitasema hoja yangu mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Kengele ya kamera iliundwa kwa nyumba ambayo mwenyewe yuko ndani na hatari iko nje. Nyumba ya kupangisha kwa siku ni kinyume chake: mwenyewe yuko nje, na hatari ikiwapo huwa imeshaingia kwa idhini yake. Ukiitegemea kengele umenunua shahidi ukidhani umeajiri mlinzi. Tena shahidi mwenyewe ana matatizo yake.

Iliundwa kwa ajili ya nani?

Turudi nyuma kidogo. Kengele maarufu zaidi ya aina hii, Ring, ilianza Marekani kwa jina la DoorBot. Jamie Siminoff aliyeiunda alikuwa akifanya kazi gerejini kwake na hakusikia watu wakibisha mlangoni. Mwaka 2013 aliipeleka kwenye kipindi cha televisheni cha Shark Tank akatoka bila mkataba. Mwaka 2018 Amazon wakainunua kampuni yake. Iliwafaa sana Wamarekani ambao vifurushi vyao huachwa barazani na kuibwa.

Hiyo ndiyo kazi yake: kumwonyesha mwenye nyumba mtu asiyemjua aliye nje. Sasa iweke kwenye ghorofa ya sita Roysambu. Nani asiyejulikana atafika mlangoni? Geti lina mlinzi na ngazi zina majirani. Mtu unayepaswa kumfikiria ni yule uliyempa namba ya kufuli wewe mwenyewe saa nane mchana baada ya pesa kuingia. Kengele itamwona akiingia na haitaona chochote cha ajabu, kwa sababu hakuna cha ajabu.

Mgeni analala na kifaa chako

Sisi watu wa programu tunafundishwa kujiuliza kwanza: adui ni nani na ana nini mkononi? Ukijibu swali hilo kuhusu nyumba ya kupangisha, kengele inaanza kuchekesha.

Kwanza, mgeni ana waifai yako. Kitu cha kwanza anachouliza akiingia ni neno la siri, na mara nyingi limebandikwa kwenye friji. Mara nyingi kengele iko kwenye waifai hiyohiyo. Ruta yenyewe iko sebuleni nyuma ya televisheni. Anayetaka kuinyamazisha kengele hahitaji kuwa mdukuzi, anachomoa waya wa ruta basi! Kwenye simu yako utaona tu kwamba kengele haiko mtandaoni, na kwa kuwa intaneti hupotea mara kwa mara, utasema ni yale mambo ya kawaida.

Pili, mgeni ana kifaa chenyewe. Mnamo Februari 2024 shirika la Consumer Reports la Marekani lilitoa uchunguzi kuhusu kengele za bei nafuu za kampuni ya Eken, zinazouzwa kwa majina mengi tofauti. Walikuta kwamba mtu akiishikilia kitufe chake kwa sekunde 8, anaweza kuiunganisha na simu yake na kuitwaa. Kisha akiwa na namba ya kifaa hicho, aliweza kuendelea kuona picha kutoka kwenye kamera hata baada ya mwenyewe kuirudisha mikononi mwake, bila akaunti wala neno la siri. Kampuni baadaye ilitoa marekebisho ya programu. Lakini fikiria: mwizi wa barazani ana sekunde chache za kusimama mlangoni. Mgeni wako ana usiku mzima. Na sote tunajua kengele za bei nafuu ndizo zinazonunuliwa kwa nyumba ya kupangisha.

Tatu, stima. Kengele nyingi zina betri, kwa hiyo watu hudhani hazijali stima ikipotea. Ruta inajali! Picha inatoka kwenye kengele kwenda kwenye ruta, kisha kwa kampuni ya intaneti, kisha kwenye seva ng'ambo, ndipo irudi kwenye simu yako. Kiungo kimoja kikikatika, huoni kitu. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Usiku kama ule kengele yako ni pambo la ukutani.

Hata mambo yakiwa sawa, kengele ya betri hulala ili isimalize chaji. Kihisi kikishtuka ndipo kamera inaamka, na mtu mwenye haraka huweza kuwa ameshapita. Unabaki na picha ya mgongo.

Waliouawa walikuwa ndani

Hapa tuache mzaha. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi ndani ya nyumba za aina hii, mmoja South B na mwingine Roysambu. Mwisho wa mwezi huohuo maelfu ya watu waliandamana kupinga mauaji ya wanawake. Tangu wakati huo kila mazungumzo kuhusu usalama wa nyumba hizi huishia kwenye neno moja: kamera.

Nami nauliza, kamera ya mlangoni ingefanya nini? South B kamera za jengo zilikuwapo na zilifanya kazi yake. Zilirekodi. Kurekodi kunawasaidia wapelelezi na mahakama, na sitabeza jambo hilo hata kidogo. Lakini yule aliyekuwa ndani alihitaji mtu wa kugonga mlango saa ile, na kamera haigongi mlango. Mwenye nyumba anayemwambia mgeni "usijali, kuna kamera" anamuuzia utulivu ambao hana.

Na wewe unamtazama nani?

Kuna upande wa pili ambao wenye nyumba hawaupendi. Kengele inayomtazama mgeni akiingia na kutoka inajua saa anazorudi, nani yuko naye, na lini nyumba iko tupu. Mgeni akiwa mwanamke peke yake, taarifa hiyo ni silaha mikononi mwa mtu mbaya. Nani anayo? Wewe, bila shaka. Halafu fundi aliyeifunga kwa barua pepe yake mwenyewe "kwa muda tu". Halafu shemeji uliyempa neno la siri akusaidie kusimamia. Halafu msafishaji aliyeacha kazi mwezi uliopita.

Na kampuni je? Mei 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring kwamba iliwaacha wafanyakazi na makandarasi wake wafikie video za faragha za wateja, na kwamba mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya video za wanawake. Ring ikakubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza shauri hilo. Kama kampuni ya Amazon ilifika huko, ile kengele isiyo na jina uliyonunua Luthuli Avenue inalindwa na nani?

Sauti nayo ni mbaya kuliko picha. Oktoba 2021 mahakama ya kaunti ya Oxford, Uingereza, ilimpa ushindi mwanamke aliyemshtaki jirani yake kwa sababu ya kamera na kengele ya Ring. Hakimu alieleza kwamba vifaa hivyo vinanasa sauti kutoka mbali kuliko vinavyonasa picha. Kwenye korido ya ghorofa zetu, hiyo ni kusema kwamba jirani wa mlango wa pili anarekodiwa akizungumza na mumewe.

Sheria iko, hata ukijifanya hukuisikia

Airbnb wenyewe walipiga marufuku kamera zote ndani ya nyumba kuanzia Aprili 30, 2024. Kengele ya mlangoni inaruhusiwa, ila mwenye nyumba lazima aitangaze kabla mgeni hajalipia. Lakini mgeni wa WhatsApp halindwi na kanuni za Airbnb. Anayemlinda ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kifungu cha 31 cha Katiba.

Sheria hiyo inasamehe shughuli za kibinafsi na za nyumbani. Nyumba unayoilipisha kwa usiku si shughuli ya nyumbani, ni biashara. Unatakiwa kumwambia mtu kwamba unakusanya taarifa zake, kwa nini, na nani mwingine atazipata. Kanuni za usajili za 2021 husamehe biashara ndogo, ila msamaha huo hauhusu sekta kadhaa, zikiwemo huduma za malazi, usimamizi wa majengo na kamera za kuzuia uhalifu. Jihesabu mwenyewe uko kwenye sekta ngapi!

Na wale wanaorusha video za wageni mtandaoni ili watu wacheke, wakumbuke Septemba 2023. Kamishna wa Data alitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

"Lakini kengele imenisaidia"

Najua mtaniambia hivyo. Eti iliwaonyesha watu 15 wakiingia kwenye nyumba ya watu 2. Sawa, kuhesabu vichwa inaweza. Lakini ukishaona 15 saa sita usiku na wewe uko Kisumu, nani atapanda ngazi? Kama mlinzi wa jengo ana namba yako na wewe unayo yake, yeye ndiye usalama wako, na angeweza kukupigia bila kengele.

Au eti ilimnasa aliyebeba televisheni. Kama ulikuwa na jina lake halisi, picha ni nyongeza nzuri. Kama hukuwa nalo, una picha ya mtu mwenye kofia.

Basi tufanye nini?

Siwezi kulalamika bila kutoa njia. Haya yote ni ya bei rahisi, na mengine ni ya bure:

1. Mjue mgeni. Angalia kitambulisho, andika jina na namba kwenye daftari, na ulinganishe na jina lililokuja kwenye ujumbe wa M-Pesa. Majina yakitofautiana, uliza. Andika kila anayelala, si aliyelipa peke yake.

2. Badilisha namba ya kufuli kila mgeni akiondoka. Kuna nyumba ambazo namba ni ileile tangu mwaka jana, na kila aliyewahi kulala pale bado ana ufunguo. Kengele haiwezi kumtofautisha mgeni wa leo na wa Januari.

3. Weka komeo la ndani, na upande wa ndani wa mlango ubandike namba ya mlinzi, 999 au 112, na 1195 ya wanaokumbwa na ukatili wa kijinsia.

4. Mlipe mtu. Mlinzi au msimamizi wa jengo anayejua kwamba una wageni, anayepokea simu usiku, na anayejua la kufanya mlango usipofunguliwa.

5. Baada ya hayo manne, ukitaka kengele, ifunge. Iwe nje tu, sauti imezimwa, mgeni ameambiwa kabla ya kulipa. Mpe waifai ya wageni iliyotengwa na ya vifaa vyako. Weka ruta mahali pa kufungwa na uipe betri yake ya akiba. Akaunti iwe ya barua pepe yako, yenye uthibitisho wa hatua mbili, na video zifutwe baada ya siku chache.

Angalieni, nimeiweka namba tano. Wauzaji wanaiweka namba moja kwa sababu ndiyo pekee wanayoweza kukuuzia. Daftari halina kampuni ya kulitangaza, na mlinzi wa geti hana programu ya kupakua kwenye simu.

Mimi naishi kwa kuandika programu, sina chuki na vifaa. Ila kifaa kisipewe kazi ya mtu. Mgeni anayelala kwako usiku wa leo anadhani kuna anayemwangalia. Je, yupo? Mwenye nyumba mwenye jibu tofauti na langu alete, tujadiliane.

Haya wadau, tuonane wakati mwingine. Na tafadhali, leo hii nenda ukabadilishe ile namba ya kufuli.