*TAARIFA YA TAWI: BENDERA YA ZANZIBAR INA SHERIA, HAINA MWENYEWE*



Wiki nzima hii makundi yetu ya simu yamejaa picha za bendera. Mmoja katuma ile nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili, akaandika kwamba hiyo ndiyo bendera halisi ya Zanzibar na hii ya leo ni ya kubandikwa. Mwengine kamjibu kwa neno moja tu: "Hizbu." Wa tatu kaingia na kusema bendera ya sasa ni ya Afro-Shirazi, imepakwa sheria juu ili ionekane ya wote. Baada ya hapo maneno yaliyofuata hayafai kurudiwa mbele ya wazee.

Uongozi wa Tawi haukukaa kimya kwa woga. Ulitaka kwanza joto lipungue. Sasa tunasema, na tunasema wazi: *pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kosa moja.* Kila upande unadhani bendera huwa rasmi kwa sababu ya jana. Huyu ana jana yake ya Disemba 1963, yule ana jana yake ya Januari 1964. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali lenyewe: ni nani mwenye haki ya kusema "hii ndiyo", na wananchi wakawa na njia ya kumwambia "hapana"?

*KWANZA: UKONGWE HAUIFANYI BENDERA KUWA RASMI*

Anayetuma bendera ya karafuu anasema ndiyo ya asili. Tuhesabu basi. Bendera ile ilikuja na uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963. Mapinduzi yakawa tarehe 12 Januari 1964. Umri wake madarakani ni mwezi mmoja na siku mbili. Kama ukongwe ndio kipimo, karafuu haishindi. Itashinda bendera nyekundu tupu ya masultani, iliyopepea miaka mingi kabla yake.

Na ile nyekundu tupu inatufundisha nini? Kuanzia 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Muingereza. Bendera ya Sultani haikushushwa. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokaa kwenye kiti bila ya idhini ya Waingereza, manowari zao zililipiga jumba lake mizinga na vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Siku hiyo hiyo wakamuweka Sultani wanayemtaka wao. Rangi ikabaki ile ile nyekundu, mwenye amri akawa mwengine. Hata kule Mombasa, bendera nyekundu iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi 1963, kwa sababu kwenye makaratasi ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani, hali ya kuwa Kenya nzima ilitawaliwa na Muingereza.

Miaka 73 bendera ilikuwepo na mamlaka hayakuwepo. Katika miaka yote hiyo mkulima wa Donge au mvuvi wa Micheweni hakuulizwa hata siku moja anaitakaje. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kila cha zamani kilikuwa chetu.

Lakini tuseme na hili kwa haki yake. Mzee anayeikumbuka bendera ya karafuu, akaiweka picha yake ndani ya sanduku au kwenye simu, hana kosa. Ni sehemu ya historia ya nchi hii, na historia haifutwi kwa matusi. *Kumbukumbu si uhaini.* Ila kumbukumbu pia si sheria.

*PILI: MAPINDUZI PEKE YAKE HAYAKUTOSHA, NA SERIKALI YENYEWE INAJUA*

Sasa tugeuke kwa wale wanaorusha neno "Hizbu" kama jiwe. Hoja yao ni kwamba rangi ya buluu, nyeusi na kijani ni za Mapinduzi, Mapinduzi ni daima, kwa hiyo anayeihoji bendera anayahoji Mapinduzi.

Tunawauliza swali moja dogo: *kama rangi hizo zilikuwa rasmi kwa nguvu ya Mapinduzi peke yake, sheria ya 2004 ilitungwa ya nini?*

Yakumbukeni yaliyotokea. Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ilipandisha buluu, nyeusi na kijani mapema 1964, kutokana na rangi za Afro-Shirazi Party. Tarehe 26 Aprili mwaka huo ukaja Muungano, na ilipofika mwisho wa Juni ikapatikana bendera ya Jamhuri ya Muungano, iliyochanganya rangi za Tanganyika na za Zanzibar. Tangu hapo, kwa miaka 40, Zanzibar haikuwa na bendera yake yenyewe iliyowekwa kwa sheria. Mapinduzi yakisherehekewa kila Januari, na bendera ya nchi haipo.

Iliporudi, haikurudi kwa sababu mtu alifungua sanduku la 1964 na kuikunjua. Ilirudi kwa sababu Baraza la Wawakilishi lilikaa 2004 likapitisha sheria, na Januari 2005 bendera ikapandishwa. Wala haikuwa ile ile. Hii ina bendera ya Muungano kwenye pembe ya juu, upande wa mlingoti. Ya 1964 haikuwa nayo. Kwa maana hiyo hata mchoro wenyewe tunaouona leo umezaliwa barazani.

Basi anayeilinda bendera kwa kumtukana jirani yake anailinda kwa kitu ambacho hakikuifanya iwe bendera.

*TATU: ASILI YA RANGI SI UMILIKI*

Wapo wanachama wetu wanaosema: "Lakini rangi ni za chama, na chama kile kiliungana na TANU tarehe 5 Februari 1977 kikazaliwa CCM. Kwa hiyo hii ni bendera ya wenzetu." Na wapo upande wa pili wanaolisema hilo hilo kwa furaha, kwamba bendera ni yao na sisi ni wapangaji.

Wote hawa wawili wanasema jambo moja na wote wanakosea. Kijani na nyeusi ya Tanganyika ilitoka kwenye bendera ya TANU. Nyeusi, nyekundu na kijani ya Kenya ilitoka kwenye rangi za KANU. KANU imeondoka madarakani tangu 2002, na hakuna Mkenya aliyesema bendera iondoke nayo. Leo mchoro wa bendera ya Kenya umo ndani ya Katiba yao ya 2010, kwenye Jadweli la Pili. Chama kilichotoa rangi hakiwezi kuigusa peke yake, na hata serikali iliyopo haiwezi kuigusa bila ya kupita njia ya kurekebisha Katiba.

Kanzu hushonwa na fundi, lakini akishailipia mtu na kuivaa, fundi hana tena haki ya kumwambia aivue. Bendera ya Zanzibar imeshonwa kwa kitambaa cha Afro-Shirazi. Kweli. Aliyeivaa ni Mzanzibari, awe wa Nungwi au wa Makunduchi, wa Wete au wa Mkoani, na kadi yake iwe ya rangi yoyote au asiwe na kadi kabisa.

*NNE: "LAKINI BARAZA LENYEWE LILIKUWA LA NANI?"*

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na mwanachama aliyeliuliza kwenye kundi hakustahili kunyamazishwa. Alisema: Baraza la 2004 lilitokana na uchaguzi wa 2000. Uchaguzi ule tunaujua, na Januari 2001 tunaijua, watu walipouawa Unguja na Pemba. Sheria ya baraza kama hilo ina uzito gani?

Tunajibu kwa mambo mawili.

La kwanza, baina ya 2000 na 2004 kulikuwa na Muafaka wa Oktoba 2001, na kulikuwa na chaguzi ndogo za Pemba za Mei 2003. Baraza lililokuwepo 2004 halikuwa la chama kimoja. CCM na CUF wote walikuwa na wajumbe ndani.

La pili, na ndilo kubwa zaidi: 2010 wananchi waliitwa kwenye kura ya maoni, wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mwaka huo huo Katiba ya Zanzibar ikafunguliwa, ikaandikwa wazi kwamba Zanzibar ni nchi miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mlango ulikuwa wazi, vyama vyote viwili vikubwa vilikuwa mezani, na jina la nchi lilikuwa linajadiliwa. Bendera ikabaki kama ilivyo. Ukimya wa namna ile nao una maana yake.

Je, hayo yanaifanya sheria ile kuwa takatifu? Hapana. Yanaifanya kuwa sheria. *Na uzuri wa sheria ni kwamba ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.* Amri ya Sultani haikuwa na mlango. Amri za Baraza la Mapinduzi, lililotawala bila ya kupigiwa kura, hazikuwa na mlango. Bendera iliyopitishwa na wawakilishi inaweza kubadilishwa na wawakilishi.

Tazameni Malawi. 2010, wakati wa Rais Bingu wa Mutharika, bendera yao ya uhuru yenye jua linalochomoza ilibadilishwa, likawekwa jua kamili jeupe. Wengi hawakuipenda. Hawakuchoma bendera wala hawakuitana wasaliti mpaka damu imwagike. Mutharika alifariki Aprili 2012, na mwezi uliofuata Bunge lao likakaa na kuirudisha ile ya 1964. Sheria ilifunga, sheria ikafungua. Kwa miaka ile miwili bendera rasmi ilikuwa ile wasiyoipenda. Na walipoitoa, waliitoa bila ya kubomoa nyumba.

*KWA NINI TAWI LIMEANDIKA MANENO YOTE HAYA*

Kwa sababu hili si suala la kitambaa. Tukikubali kwamba bendera ni rasmi kwa sababu ya historia, basi mwenye kuidhibiti historia ndiye mwenye nchi, na sisi wengine tutakuwa tunaishi kwa hisani yake. Kila mwaka atatuuliza: babu yako alikuwa wapi Januari 1964? Na kijana aliyezaliwa 2005, mwaka bendera hii ilipopandishwa, atabebeshwa mzigo wa watu ambao hakuwahi kuwaona.

Tukikubali kwamba ni rasmi kwa sababu ya sheria, basi kijana huyo ana sauti sawa na mtoto wa mwanamapinduzi na mtoto wa aliyepinduliwa. Anaweza kuipenda. Anaweza kusema pembe ile ya Muungano iondolewe, au ibaki, au karafuu irudi. Maneno hayo yote ni halali, na mahali pake ni kwenye baraza la kutunga sheria. Hapo ndipo chama chetu kinaposimama.

*MAELEKEZO KWA WANACHAMA WOTE*

1. Neno "Hizbu", na jina jengine lolote la kumtoa mtu kwenye uzanzibari wake, *ni marufuku* kwenye makundi ya Tawi. Atakayelirudia atatolewa kwenye kundi na ataitwa mbele ya Kamati ya Maadili, hata akiwa kiongozi.

2. Picha za bendera za zamani zinaruhusiwa kama historia. Haziruhusiwi kupandishwa kwenye mlingoti wa Tawi wala kubebwa kwenye maandamano ya chama.

3. Bendera ya Zanzibar inayopandishwa kwenye shughuli zetu iwe sahihi: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na bendera ya Muungano pembe ya juu upande wa mlingoti. Ndani ya pembe hiyo kijani ikae juu upande wa mlingoti. Zinauzwa mitaani zilizogeuzwa. Msinunue kwa kuwa ni rahisi. Iliyopauka au kuchanika ishushwe.

4. Bendera ya chama haipandishwi juu ya bendera ya nchi, wala kwenye mlingoti mmoja nayo. Tunawadai wenzetu waheshimu hivyo, basi tuanze sisi.

5. Katibu wa Tawi ataandika barua kwa Mwakilishi wa Jimbo kumuomba nakala ya sheria ya bendera pamoja na mchoro na vipimo vyake. Nakala itawekwa ofisini ili kila mwanachama aisome mwenyewe, asiendelee kusikia kwa watu.

6. Mwenye maoni ya kubadilisha bendera ayaandike na kuyaleta kwenye kikao cha Jumapili, baada ya sala ya Alasiri, ofisi ya Tawi. Yatasomwa, yatajadiliwa na yatapelekwa ngazi ya Jimbo, hata kama uongozi hauyakubali.

Ndugu wanachama, wanaotaka tugombane juu ya bendera wanajua kwamba watu wanaogombana juu ya rangi hawaulizi bei ya mchele, wala dawa hospitali, wala daftari la wapiga kura. Tusiwape nafasi hiyo.

Soma mpaka mwisho, kisha mpelekee mwanachama mwengine. Asiye na simu asomewe.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Habari, Uenezi na Mawasiliano na Umma
Kwa niaba ya Kamati ya Uongozi ya Tawi