Daftari la wiki: Sema umeipindua

Wiki ya Mapinduzi imepita na mabango yake. Moja, la sabuni ya unga, linatangaza "mapinduzi katika ufuaji". Foleni ilinipa muda wa kulisoma hadi nikalihifadhi. Sasa aliyepinduliwa ni nani, sabuni ya mche?

*

Watangazaji wa mpira, bado sijawasamehe. Timu ikifungwa mbili ugenini, kuanzia siku hiyo hadi marudiano hakuna redio isiyopindua meza. Asubuhi wanapindua, mchana wanapindua, jioni wanamwita mchambuzi naye aje ashike mguu mmoja wa meza.

Nakubali kwamba kuna siku meza ilipinduliwa kweli. Desemba 2018 Simba walitoka Kitwe wakiwa wamefungwa 2-1 na Nkana, wakarudi Dar es Salaam wakashinda 3-1, na Clatous Chama akamaliza kazi kwa kisigino. Aprili 2025 walifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, wakazirudisha zote mbili nyumbani, wakapita kwa penalti. Ila Mei ya mwaka huohuo, kwenye fainali na RS Berkane, mbili za Morocco hazikurudi. Pale Amaan ngoma iliisha 1-1. Jirani yangu alisema meza ilikuwa nzito. Mimi ni wa Jangwani. Nilinyamaza kwa adabu.

*

Chapati hugeuzwa. Anayepindua chapati ana ugomvi na mtu.

*

Alhamisi, nje ya soko la Buguruni, bajaji iligonga meza ya mama muuza nyanya. Meza ya mbao hii, siyo ile ya redioni. Mafungu yote yakaenda barabarani, mengine chini ya daladala. Kijana akashuka, mikono kifuani: "Samahani mama, meza imepinduka."

"Imepinduka?" Mama hata hakuinama kuokota. "Hii meza iko hapa tangu wewe unanyonya, haijapinduka hata siku moja. Sema umeipindua, halafu utoe hela."

Hela ilitoka.

Waandishi wote wa habari za ajali, na mimi nikiwemo, tungepelekwa kwa yule mama tukasome. Silabi moja tu, -ka, na kosa limekosa mwenyewe. Serikali haipati upendeleo huo. Serikali hupinduliwa, na kabla jua halijazama tunajua na nani. Januari 25, 1971, Obote akiwa nje ya nchi kwa safari ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Singapore, Amin akachukua nchi. Sijasoma popote kwamba siku ile serikali ya Uganda "ilikosa mwelekeo ikapinduka".

Lori ndilo hupinduka. "Lilikosa mwelekeo, likaacha njia, likapinduka": vitenzi vitatu na ndani yake hamna mtu hata mmoja, kama vile lori lilikuwa mlevi anayerudi zake nyumbani. Hamna dereva ambaye hajalala, hamna bosi anayepiga simu kila saa kuuliza umefika wapi, hamna breki zilizokaguliwa kwa macho ya huruma.

Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, Kenya. Julai 2, 2010, lingine likapinduka Sange, Kivu Kusini. Agosti 10, 2019, lingine, Msamvu, Morogoro. Kote mambo yalikwenda vilevile: mafuta yanamwagika, watu wanakuja na ndoo na madumu, kisha moto. Zaidi ya watu 100 walikufa Sachangwan, zaidi ya 200 Sange, zaidi ya 100 Msamvu.

Sasa tazameni vitenzi vilivyogawiwa. Lori lilipinduka. Mafuta yalimwagika. Moto ulilipuka. Lakini wananchi walikimbilia, walichota, walikaidi. Mwenye dumu la lita tano ndiye peke yake katika habari nzima aliyepewa kitenzi cha kutenda. Mwenye lori hana kitenzi. Aliyepanga safari hana. Mwenye dumu anacho, na kwa kuwa amekufa, hawezi kuomba wampunguzie.

Najua jibu litakalokuja: uchunguzi ulikuwa bado, mwandishi asingemtaja mtu. Ni kweli, na asimtaje. Lakini kwa mchotaji hakuna aliyesubiri uchunguzi.

Majini napo ni hivyohivyo. Ngalawa ikipigwa na kusi, sawa, imepinduka, upepo hauna wakili. Ila MV Nyerere? Septemba 20, 2018, karibu kabisa na gati la Ukara, kivuko chenye ruhusa ya abiria 101 kikazama na roho zaidi ya 220. Waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya waliopaswa kuwemo. Na bado, mwaka hadi mwaka, kumbukumbu ikifika tunaandika kwamba kivuko kilipinduka.

*

Uteuzi wa mheshimiwa umetenguliwa. Hapa mambo ni kinyume: aliyetenda anajulikana mpaka sahihi yake, sababu ndiyo haina kitenzi. Zamani kilichotenguka kilikuwa mguu, au udhu. Mguu ulikuwa na mganga wa kuukanda, na udhu ulikuwa na birika la maji.

*

Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, iliyabatilisha matokeo ya uchaguzi wa rais. Iliyabatilisha, haikuyapindua, na Wakenya walilishika neno hilo vizuri. Kupindua matokeo ni kazi ya usiku, taa zikiwa zimezimika (angalieni, "zimezimika"). Kubatilisha hufanywa mchana, kwa joho, mbele ya kamera.

*

Anayefaulu huitwa mwanamapinduzi na hupewa sikukuu. Anayeshindwa, kama wale askari wa jeshi la anga la Kenya wa Agosti 1, 1982, huachiwa "jaribio". Na wapo Wazanzibari, hasa walioishia Muscat, ambao Januari 12 hawataki kabisa kulisikia hilo neno letu; wao husema mavamizi. Sikukuu ni yetu, ubishi ni wa wote, na tangu 1964 sijaona dalili ya kwisha.

*

Tafadhali, hakuna haja ya kusema "kupindua juu chini". Ukishapindua, hayo mengine yamo.

*

Nilimpelekea fundi cherehani suruali aipinde inchi mbili. Imerudi, mguu mmoja umepindwa, mwingine unafagia sakafu. Nikamwonyesha. Akaishika, akaitazama mbele na nyuma, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Imesahaulika, mzee."